Sura Moja, Akaunti Kumi na Nne

"Dada, samahani. Usigeuke."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kabisa. Si "habari yako", si "umependeza", si hata jina. Sasa mwanamke gani anaambiwa asigeuke na asigeuke? Aligeuka, tena kwa hasira, kapu la manunuzi mkononi, katikati ya foleni ya saa saba mchana kwenye duka kubwa lililo chini ya jengo la ofisi. Ilikuwa mwisho wa mwezi na watu walibanana mpaka kwenye rafu za sabuni.

"Nimekwambia usigeuke," akasema yule mwanamume, macho ameyapeleka darini kwa adabu. "Sasa umewageuzia wote wa mbele. Zipu ya gauni lako imeachia. Kuanzia juu mpaka... basi, imeachia."

Hapo ndipo dada wa watu alipousikia ubaridi wa kiyoyozi mgongoni. Lilikuwa gauni la bluu, la mikono mifupi, limemkaa mwilini barabara. Asubuhi mama yake mdogo alimwambia limembana mno, akajibu kwamba ndiyo mtindo wenyewe.

"Mungu wangu! Nifanyeje?"

"Rudi ulivyokuwa. Tulia. Kapu nipe mimi."

Akaikunjua kola ya koti lake. Chini ya kola kulikuwa na pini zimejipanga, zaidi ya kumi. Akasimama nyuma ya yule dada kama ukuta, na kabla wateja wawili hawajamaliza kulipa, gauni lilikuwa limefungwa.

"Tayari. Usiiname, usimkumbatie mtu, na ukikaa, kaa kama uko mahakamani."

Dada akacheka, aibu na nafuu kwa pamoja. "Wewe ni mtu wa aina gani, unatembea na pini kwenye kola?"

"Fundi. Wenzangu wanatembea na kalamu."

Sasa ndipo akamtazama vizuri. Shati jeupe, mikono imekunjwa chini ya koti lililoning'inia begani, tepu ya kupimia ameisahau shingoni. Alikuwa mrefu. Na sura, jamani! Mhudumu wa kaunta alimrudishia chenji mara mbili na wala hakujijua. Nasema mapema, sura ile ndiyo iliyoleta balaa lote.

"Karakana yangu iko mtaa wa nyuma, ghorofa ya pili, juu ya wapiga chapa," akasema. "Lilete hilo gauni nikuwekee zipu ya maana. Na wewe unafanya kazi wapi?"

"Serikalini."

"Idara gani?"

"Ya mafaili."

"Serikali nzima ni mafaili, dada yangu."

"Basi niite Afisa, inatosha."

Na tangu siku hiyo alimwita Afisa, naye akamwita Fundi.

Yule dada hakuwa na siri mbaya, ila kazi yake haikuruhusu maneno mengi. Alikuwa katika kitengo kipya ambacho serikali ilikianzisha baada ya wananchi kulizwa mtandaoni kupita kiasi: kitengo cha kuzisaka akaunti feki. Walikuwa watu tisa katika chumba kimoja chenye mapazia ya kijivu. Kutwa nzima walilinganisha picha, walisoma ujumbe wa matapeli mpaka macho yakawasha, na kila asubuhi ikifika saa nne walizifunga akaunti zilizothibitika. Mkuu wao alivaa miwani moja machoni na nyingine utosini, wakamwita Miwani Miwili, naye akijua. Alikuwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza, lililomo chumbani halitoki chumbani. Ya pili, sura moja ikionekana kwenye majina mengi, funga zote kwanza, mwenye sura atajitokeza.

Kwa upande wake, Fundi alikuwa mshonaji wa sare. Sare za marubani, za manahodha, makoti ya madaktari, ovaroli za wahandisi, kofia za wapishi wakubwa wa mahoteli. Alizishona yeye na dada yake mkubwa, ambaye alikaa kwenye ovaloki, mashine ya kufunga pindo, kutwa na kumsimanga mdogo wake bila kuchoka. Sanamu ya kuvalisha hawakuwa nayo, kwa hiyo sanamu alikuwa yeye mwenyewe. Alivaa kila sare, akasimama penye mwanga wa dirisha, dada yake akampiga picha, wakaweka kwenye ukurasa wao wa mtandaoni ili wateja waone. Leo rubani, kesho daktari, keshokutwa nahodha wa meli. Ila alikuwa na mwiko wake aliofundishwa na aliyemfunza kazi: fundi huivaa nguo ya mteja ikiwa bado ina bandi, zile nyuzi nyeupe za kushikiza kwa muda. Nyuzi zikishatolewa, nguo imekuwa ya mwenyewe, na fundi akiivaa ni utovu wa adabu.

Mwenzangu, umeshaona hatari iliko. Mwanamume mzuri, sare za kazi zote za heshima, picha safi, na ziko wazi kwa kila mtu. Matapeli wakitaka wachumba wa kuuza, watatafuta nini tena?

Gauni lilipelekwa, likawekwa zipu. Wiki iliyofuata likarudishwa kwa kisingizio cha kupunguzwa urefu. Wiki ya tatu likarudishwa liongezwe urefu uleule. Dada wa ovaloki akasema, "Hili gauni litachakaa kabla hamjaambiana." Wakaambiana.

Wakawa watu wa simu.

"Afisa."

"Fundi."

"Mafaili hayajambo?"

"Yanakusalimu. Mbona nasikia cherehani? Unanipigia huku unashona?"

"Mguu ndio unashona. Moyo uko kwako."

"Toka hapa! Utashona mkono wa shati kwenye suruali."

"Nikishona hivyo mteja nitamwambia akudai wewe. Umekula?"

"Sijala. Na wewe usijifanye umekula, nakujua."

"Basi shuka. Niko hapa chini ya jengo lenu dakika ishirini sasa, mlinzi ameanza kuniita shemeji."

Walikula pamoja mchana kwenye viti vya plastiki, yeye na magauni yake yaliyopigwa pasi, Fundi na vipande vya uzi kwenye suruali. Siku moja Fundi akamwambia, "Fungua basi ukurasa wangu uone kazi zangu. Watu wote wako mtandaoni, wewe tu hupo."

"Sitaki, mpenzi. Mimi nikifungua ukurasa wa mtu siangalii, nachunguza. Ni ugonjwa wa kazi. Acha nikuangalie wewe mwenyewe."

Fundi akaona hayo ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi. Lakini kama Afisa angeufungua siku hiyo, mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Nyumbani Afisa hakumtaja Fundi. Aliishi na mama yake mdogo, nesi mstaafu aliyemlea tangu mama yake afariki. Mama Mdogo alikuwa mtu wa maswali: anatoka wapi, kwao nani, anafanya nini, kwa nini asije. Afisa akaona amfiche Fundi mpaka mambo yaive. Hakujua kwamba Mama Mdogo naye alikuwa na wake anayemficha. Nyumba moja, wanawake wawili, kila mmoja akisikia simu inalia anakimbilia jikoni.

Jumatatu moja, mwezi wa tatu wa mapenzi yao, Miwani Miwili alimwekea faili mezani.

"Hili ni kubwa," akasema. "Akaunti kumi na nne, labda na zaidi. Wanawake ishirini na mmoja wamelalamika. Anawatongoza, anawaahidi ndoa, akishapata hela anapata ajali, anapata msiba, anakwama uwanja wa ndege. Sura ni moja tu."

Afisa akafungua faili. Rubani, mikono kifuani, anatabasamu. Akageuza ukurasa. Nahodha. Daktari. Mhandisi. Wote walikuwa Fundi wake.

Hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa, akageuza tena kurasa zote moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kosa la chapa. Jicho lile la kushoto linalofumba kidogo akicheka, lilikuwepo kwenye zote. Mikono ileile iliyomfunga pini. Ukurasa wa kumi na tano uliitwa Karakana ya Sare, wafuasi wake walikuwa wachache kuliko wa rubani, na kwa macho ya siku hiyo aliuona kuwa ni tundu jingine la panya yuleyule.

"Unamfahamu?" Mkuu akauliza, maana alimwona amebadilika.

Hapo ndipo alipokosea. Alitakiwa kusema ndiyo. Akasema, "Hapana, Mkuu. Kichwa tu kinaniuma."

Saa nne kamili akatia saini. Akaunti kumi na tano zikafungwa kwa mpigo.

Saa sita simu ikaita.

"Afisa wangu, nimekwisha! Ukurasa wetu umefungwa. Oda zote zilikuwa mle, namba za wateja, picha za miaka sita. Nimekwenda kwenye dirisha la malalamiko la serikali, wananiambia suala langu liko chini ya uchunguzi. Mimi! Uchunguzi wa nini? Wewe uko serikalini, hebu niulizie."

Afisa alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, mkono umeshika chuma cha ngazi. Sauti ya Fundi ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Akawaza: hivi ndivyo wanavyosema wote. Alikuwa amesoma ujumbe wao kwa mamia, na wote huwa na sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Sijui," akajibu. "Mimi ni wa mafaili tu."

"Mbona sauti yako hivyo? Unaumwa?"

"Nina kazi." Akakata.

Jioni alimkuta Mama Mdogo sebuleni, amekaa bila kuwasha televisheni, kanga imeanguka begani na hajaiokota. Nesi wa miaka thelathini na moja wodini, mwanamke ambaye hakulia hata msibani kwa dada yake, alikuwa analia kimyakimya.

"Mama, kuna nini?"

"Amefutika," akasema. "Nimeamka nimemwandikia, saa nne hayupo. Jina halipo, maneno yetu hayapo. Miezi minane, mwanangu, na akiba yangu."

"Nani?"

Mama Mdogo akamkabidhi simu kwa aibu ya msichana mdogo. Picha aliihifadhi pembeni. Koti jeupe, kifaa cha kupimia mapigo ya moyo shingoni, na jicho la kushoto limefumba kidogo.

Nikuambie alichohisi? Alihisi kwamba mtu aliyemshika mkono yeye mchana ndiye aliyekuwa akila akiba ya mama yake. Hakuhisi kitu kingine. Akaingia chumbani, akaandika ujumbe wa maneno matatu, "Usinipigie simu tena," akautuma, akazima simu.

Kule karakana, Fundi aliusoma mara nyingi kuliko idadi ya maneno yake. Aliamini Afisa amepata mwenye gari. "Si nilikwambia," akasema dada yake kutoka kwenye ovaloki, kisha akamwona uso, akanyamaza, akaenda kumchemshia chai.

Na mabaya hayaji peke yake. Jumatano mwanamke mmoja asiyemjua alipanda ghorofa ya pili, akamtazama Fundi mlangoni, akaanza kupiga mayowe: "Huyu hapa! Rubani wangu huyu hapa! Nirudishie maisha yangu!" Wapiga chapa wa chini wote wakapanda kutazama. Fundi akamwonyesha cherehani, mkasi, vidole vyake vyenye alama za sindano. Haikusaidia. Mwanamke aliondoka analia, na jioni ile mteja mwenye oda ya sare za hoteli nzima akapiga simu kusema ataiahirisha kidogo.

Hata hivyo lililokuwa linakuja ndilo baya zaidi, na Fundi hakulijua. Kitengo kiliandaa tangazo kubwa la kubandikwa kwenye vituo, mahospitali, mabenki na simu zote: picha kubwa, na juu yake maneno mekundu, MJUE TAPELI. Fomu ya kuidhinisha picha ilikuwa mezani kwa Afisa, mwisho Ijumaa saa nane. Akiisaini, Fundi hatapata wa kumshonea hata kifungo, leo wala uzeeni.

Alhamisi jioni akakaa na Mama Mdogo mezani. Alitaka maelezo ya mwisho ya faili, ya mlalamikaji aliye karibu. Na alitaka hasira yake ikolee ili asaini bila kusita.

"Hukumshuku hata siku moja, mama?"

"Nilimshuku siku ya pili." Mama Mdogo akaikuza picha kwa vidole viwili. "Ona hapa begani. Ona na hapa mfukoni. Nyuzi nyeupe. Mimi nimefanya kazi na madaktari maisha yangu yote. Nimewaona wenye koti la damu, koti la wino, koti la kuazima. Mwenye koti la bandi sijamwona. Marehemu mama yako alikuwa na cherehani, nazijua bandi. Nikamuuliza: daktari, mbona koti lako halijamalizwa?"

"Akasemaje?"

Mama Mdogo hakuhitaji simu, alilikariri jibu. "Akasema, 'Hizo ni nyuzi za cheo, kipenzi. Kila uzi ni mwaka wa masomo.'"

Afisa akacheka. Alicheka kabla hajaelewa kwa nini anacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Nyuzi za cheo! Aliyeandika hivyo hajawahi kushika sindano. Na yule aliye kwenye picha anashika sindano tangu asubuhi mpaka jua linazama.

Akachukua simu ya Mama Mdogo, akaikuza tena picha. Mfuko haujafunguliwa bado, umeshikizwa. Akayakumbuka yote ya kwenye faili: mabega ya rubani, mikono ya nahodha. Kila mahali uzi mweupe. Aliuona Jumatatu, akadhani ni mapambo.

"Mama," akasema taratibu, "kama ulijua ni bandi, kwa nini uliendelea naye?"

"Kwa sababu kila asubuhi alikuwa ananiuliza nimeamkaje," akasema Mama Mdogo. "Na akisubiri jibu. Wewe unatoka saa kumi na mbili unasema 'mama, nakwenda.' Sikulaumu, una kazi. Ila yeye alikuwa anauliza."

Afisa alisogeza kiti, akakaa karibu, akamshika mkono, wakabaki hivyo mpaka chai ikapoa.

Ijumaa asubuhi aliingia kwa Miwani Miwili, fomu mkononi haina saini.

"Mkuu, Jumatatu nilikudanganya. Huyu mtu namfahamu. Ni mchumba wangu. Na mlalamikaji wa ishirini na mbili ni mama yangu mdogo."

Mkuu akashusha miwani ya utosini, akavaa juu ya ile nyingine. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu.

"Kaa. Endelea."

Akamweleza kuhusu bandi. Mkuu akazitazama picha zote kumi na nne, akaziinamia kama fundi saa, akachukua simu akauliza ukurasa wa Karakana ya Sare ulifunguliwa lini. Miaka sita. Akaunti kongwe ya rubani ilikuwa na miezi kumi na moja.

"Mimi ndiye niliyesema fungeni zote," akasema. "Na hii nayo ningeipitisha, sura ikaenda kila ukuta. Nchi nzima ingemjua mtu asiyehusika." Akaichana fomu. Kisha akasema, "Lakini wewe ungesema Jumatatu. Faili naliondoa kwako, barua ya onyo utaipata. Na mpaka uchunguzi uishe, humpigii, humwendei, humwandikii. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mkuu."

Siku kumi na moja. Kwa mtu anayependa na aliyekosea, ni nyingi. Alipita mtaa wa mbele ili asipite wa nyuma. Mchana alikula ofisini. Asubuhi, kabla hajasema "mama, nakwenda", alikaa kitandani kwa Mama Mdogo na kumuuliza ameamkaje, naye Mama Mdogo akajibu kwa kirefu mpaka binti anachelewa kazini.

Siku ya kumi na moja matapeli wenyewe walikamatwa. Watu watatu, wanene, wenye usingizi, katika chumba cha kupanga chenye simu arobaini juu ya godoro, kila simu imebandikwa karatasi: Rubani, Daktari, Nahodha. Mmoja wao alikuwa na daftari la maneno matamu. Serikali ikatangaza, ukurasa wa Fundi ukafunguliwa, na barua ya kuomba radhi ikaandikwa kwa lugha ya serikali ambayo haijawahi kumfariji mtu.

Mchana huohuo Afisa alipanda ghorofa ya pili. Amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, bila mapambo, kama anayekwenda kwenye usaili. Dada wa ovaloki alimwona, akachukua mkoba. "Nakwenda kununua uzi," akasema, na uzi ulikuwa umejaa rafu nzima.

Fundi hakuacha kushona.

"Nimesoma barua yenu," akasema. "Wameambatisha amri ya kufunga ukurasa, na jina lililo chini ya saini ni lako. Nilipokupigia siku ile, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza, ukasema sijui."

"Nilisema hivyo."

Cherehani ikasimama. "Afisa, sikudai picha, sikudai oda. Mwanamke mmoja alinililia hapa mlangoni mbele ya mtaa mzima, nikasema potelea mbali, huyu hanijui. Wewe unanijua. Ulikuwa na mdomo, ulikuwa na simu yangu, ulikuwa na mlango huu. Ungeniuliza tu: Fundi, ni wewe?"

"Niliogopa ungesema hapana, nami nikakuamini," akasema, na machozi yakamshinda. "Kutwa nzima nawasoma watu wanaosema hapana vizuri. Mpaka nimesahau kwamba kuna watu wanasema hapana kwa sababu ni hapana. Nisamehe. Sikudai maelezo, mimi ndiye ninayedaiwa."

Fundi akatazama dirishani. Alikuwa bado anampenda, hilo halikuwa swali. Ila kupenda na kusamehe havipandi ngazi kwa pamoja, kimoja huwa kinapumzika njiani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado. Kuna jambo moja, na si kwa ajili yangu. Mama yangu mdogo aliongea na sura yako miezi minane. Anajua ni matapeli, anajua kila kitu. Lakini hatulii. Nakuomba akuone. Ukikataa, haki yako."

"Mimi sikumtongoza mama yako."

"Najua."

"Nitamwambia nini?"

"Sijui. Hii ni sijui ya kweli."

Fundi akarudisha mguu kwenye cherehani. Afisa akashuka ngazi peke yake.

Jumapili alasiri Fundi alikuja. Suruali ya kijivu, shati la samawati, hana koti, hana tepu. Mama Mdogo alikuwa amevaa gauni la zambarau la sherehe na hereni zake za dhahabu, akasimama mlangoni mwa sebule akamtazama muda mrefu bila kumkaribisha. Afisa alisimama karibu na meza, hajui aweke mikono wapi.

"Sauti yako sijawahi kuisikia," akasema Mama Mdogo. "Alikuwa anasema mtandao mbovu. Hebu sema kitu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakaa. "Ni nyembamba kuliko nilivyodhani."

Fundi akatabasamu kidogo, jicho la kushoto likafumba, na Mama Mdogo akashika kifua.

"Nimekuambia siri zangu zote," akasema, "na wewe hujui hata moja. Umeona mambo hayo? Akili yangu inajua si wewe. Macho yangu ndiyo hayajui. Wao wamefungwa, vizuri, serikali imefanya kazi yake. Lakini akaunti ilifungwa saa nne asubuhi, katikati ya neno. Nilikuwa nimeandika nusu ya sentensi. Hata tapeli, mtu unamzoea. Sikuagwa."

Akaigeuza simu yake kifudifudi mezani.

"Niage wewe," akasema Mama Mdogo. "Una sura yake. Niage niwe nimeagwa."

Fundi alimtazama Afisa, akamwona anatikisa kichwa, kwamba si lazima. Akasimama hata hivyo. Akaenda mbele ya kiti cha Mama Mdogo, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Mama," akasema, "kwaheri. Aliyekuwa anakuandikia alikuwa mwongo. Wewe uliyekuwa unajibu ulikuwa mkweli, na ukweli wako hauna kosa lolote. Usiuonee aibu. Mimi naondoka na hii sura, usiisubiri tena kwenye simu. Kwaheri, mama."

Mama Mdogo akalia, sasa kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisichojali jirani. Kisha akafuta uso kwa viganja viwili, akapumua mpaka mwisho.

"Kwaheri, daktari," akasema. "Haya. Sasa nenda."

Afisa alimsindikiza mpaka getini. Walitembea bila kugusana.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema Fundi.

"Najua. Asante."

"Bado nina hasira."

"Kaa nayo mpaka iishe. Nitasubiri."

Akashika geti, akaliachia, akalishika tena. "Ukiwa na swali juu yangu, kuanzia leo, utaniuliza mimi?"

"Wewe kwanza. Kabla ya faili, kabla ya Mkuu, kabla ya mtu yeyote."

"Hata kama ni la kijinga?"

"Hata kama ni la kijinga. Ninalo moja sasa hivi. Utarudi?"

Alimtazama yule mwanamke, macho mekundu, blauzi imekunjamana, hana hata nguvu ya kujipamba kwa maneno. Hasira ikakaa ngazini, msamaha ukapanda.

"Kesho," akasema. "Nitakuja na dada yangu. Kesho nitakuja kwa ajili yako."

Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na manesi wastaafu husikia kila kitu. "Kesho akija abishe hodi kama mgeni!" akapaza sauti Mama Mdogo. "Mimi simjui, sijawahi kumwona! Nitamuuliza kwao wapi na kazi yake nini, na anijibu yote!"

Kesho yake saa kumi, hodi ikapigwa. Mama Mdogo alishamwona dirishani tangu anavuka barabara na dada yake, wote wawili wamevaa suti zisizo na hata uzi mmoja mweupe. Akajitengeneza kanga, akaenda mlangoni bila haraka.

"Nani?"

"Fundi wa sare, mama. Nimekuja kuposa."